Taruma si Ubavu

Mwezi uliopita nililetewa mswada wa kitabu cha picha juu ya meli za matanga, niupitie kabla haujaenda mitamboni. Kitabu ni cha wanafunzi wa sekondari. Michoro yake ni mizuri, na tarehe nilizozikagua ziko sawa. Lakini kwenye ukurasa wa 7 kuna mchoro wa meli ambayo bado inaundwa, na ile miti minene iliyopinda, inayoanzia kwenye mkuku na kupanda kushoto na kulia mpaka ukingoni, imeandikiwa “mbavu za meli”. Mkuku nao umeitwa “uti wa mgongo wa meli”. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba mfasiri amefuata orodha ya istilahi iliyokwisha kupitishwa na jopo, na kwamba jambo hilo limefungwa.

Sikubali kwamba limefungwa. Kipande hicho kina jina. Jina lake ni taruma, na kwa wingi ni mataruma. Waunda vyombo wa pwani yetu wamelitamka kizazi baada ya kizazi, kamusi zimelihifadhi, na ukimtajia baharia wa Lamu au wa Unguja, hakuulizi maana yake. Kulipita neno kama hilo ukaenda kufasiri upya kutoka Kiingereza ni kuagiza maji ng'ambo ilhali kisima kiko uani.

Nasema haya kwa uchungu, na sioni sababu ya kuuficha. Orodha ile ilipokuwa bado rasimu niliandika barua ya kurasa 3 kulitetea taruma. Nilizitaja sehemu za chombo moja baada ya moja, nikaeleza kazi ya kila moja, nikaambatisha na mchoro niliouchora kwa mkono wangu. Jibu lilikuja baada ya miezi 5, nalo lilikuwa na mistari 2: kwamba neno nililolipendekeza ni “la kimaeneo”, na kwamba “tayari linatumika katika reli”. Hoja zangu hazikuguswa hata moja. Mjumbe mmoja, ambaye elimu yake katika mambo mengine naiheshimu, alisema kikaoni, kama nilivyosimuliwa, kwamba mwanafunzi wa bara halijui taruma lakini ubavu anao mwilini mwake. Basi nayajibu hayo hapa mbele ya wasomaji, maana kule sikupewa nafasi.

Nianze na huo ubavu. Mwunda meli wa Kiingereza akiwa kazini hatumii neno hilo. Anasema fremu, au anasema miti tu, na wenzake wanamwelewa. Ubavu ni neno la mtazamaji, la mshairi au msafiri aliyeiona meli imeundwa nusu akakumbuka mzoga. Mfaransa huita kipande hicho couple, yaani jozi, kwa kuwa mkono wa kushoto unalingana na wa kulia. Mhispania husema cuaderna, neno lililotoka katika Kilatini cha kuhesabu vinne vinne. Mreno husema caverna. Huyo alikaa pwani yetu karibu miaka 200 akatuachia meza, bendera na gereza, lakini caverna hatukuichukua, kwa kuwa mahali pake palikuwa na mwenyewe. Mafundi wa Kuwait na Oman, ambao vyombo vyao vilifunga Mombasa na Zanzibar kila msimu wa Kaskazi, wana shalamini zao, na hizo pia hatukuziazima, ingawa tuliazima kwao usukani na mengine mengi ya baharini. Neno la kwetu likiweza kusimama mbele ya wageni wote hao bila kuondolewa, ni neno lenye mizizi. Jopo halikuona hivyo. Lililolifasiri si istilahi ya mafundi wa Kiingereza, ni tashbihi ya wapita njia wa Kiingereza.

Lakini kosa kubwa zaidi ni la chombo chenyewe. Anayesema ubavu anasema mifupa, na mifupa hutangulia nyama. Picha hiyo inafaa kwa meli za Ulaya za karne chache zilizopita. Meli ya kivita Victory iliwekewa mkuku wake kule Chatham, Uingereza, mwaka 1759. Fremu yake ya mialoni iliposimama, iliachwa wazi takriban miaka 3 ikauke, ndipo ikavishwa mbao, na ikashushwa majini mwaka 1765. Mtu aliyepita Chatham miaka hiyo aliona mbavu kweli, na sina ugomvi naye.

Chombo cha Bahari ya Hindi hakikuzaliwa hivyo. Chukua mtepe, ambao Wabajuni wa visiwa vya Lamu waliuunda mpaka karne iliyopita. Fundi alilaza mkuku, akasimamisha mti wa omo na wa tezi, kisha akaanza kushona. Ubao wa kwanza ulishonwa kwenye mkuku, wa pili kwenye wa kwanza, ukingo kwa ukingo, kwa kamba ya usumba iliyopita katika matundu yaliyotobolewa kwa keekee. Hapakuwa na msumari. Umbo la chombo lilitoka katika jicho la fundi na mpindo wa mbao zenyewe. Chombo kilipokwisha kuwa chombo, kina tumbo na kina mdomo, ndipo yalipoingizwa mataruma, kila moja limechongwa kwa tezo likubaliane na mahali pake, likafungwa kwa kamba hiyohiyo. Taruma, basi, lilikuja mwisho. Lilikuja kukaza kitu kilichokwisha kuwapo.

Si mtepe peke yake. Waomani walipounda upya meli ya kushonwa kwa kufuata mabaki yaliyopatikana mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, meli ya karne ya 9, walianza na mbao na kuingiza mataruma baadaye. Chombo hicho, Jewel of Muscat, kilisafiri kutoka Muscat hadi Singapore mwaka 2010. Meli ya Gokstad iliyofukuliwa Norwei mwaka 1880 nayo iliundwa kwa mbao kwanza, na mataruma yake yalifungwa kwa kamba kwenye vishikizo vilivyochongwa katika mbao za chini. Jahazi la Kigiriki lililozama karibu na Kyrenia, Saiprasi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, lilianza vilevile. Ukizihesabu bahari na karne, utaona kwamba wanaoanza na mbavu ndio wageni waliochelewa kufika. Na kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, kinapoitaja Rhapta ya pwani yetu, kinasema mji ule ulipata jina kutokana na vyombo vya kushonwa. Tulijulikana duniani kwa mshono. Leo tunawafundisha watoto wetu kwa neno linalowaaminisha kwamba chombo huanza na mifupa.

Ndiyo maana napenda taruma. Maana yake ya msingi si kiungo cha mwili. Ni mti wa kukazia, kitu kinachopita upande ili vitu virefu visiachane wala kulegea. Neno linataja kazi. Mbao zinalishika taruma, na taruma linazikaza mbao. Ubavu hauwezi kusema hivyo.

Mwaka 2011 nilikaa siku 4 Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambako vyombo bado vinaundwa kwenye mchanga. Fundi mmoja mtu mzima alikuwa akichagua matawi kutoka katika rundo, anainua moja, analipima kwa jicho, anaona halifai na kuliweka chini. Nikamuuliza kwa makusudi, nione atajibu nini: “Mzee wangu, mbavu hizi mnatoa mti gani?” Aliniangalia, akaendelea kupima. Kisha akasema, “Mbavu anazo ng'ombe, mwalimu. Haya mataruma.” Akanionyesha kwamba tawi halikunjwi, linatafutwa likiwa limekwisha kupinda lenyewe mtini, ili uzi wa mti ufuate mpindo wa chombo. Ukichonga mpindo kutoka katika ubao ulionyooka, uzi unakatwa, na bahari ikipiga, taruma linapasuka palepale. Kwa kazi hiyo pwani hutumia mikoko, hasa mkomafi na mlilana, na hata mwembe. Mti unaochaguliwa kwa sababu ya alivyoupinda Mungu, jopo linataka tuuite kwa jina la kitu ambacho kila mnyama anazaliwa nacho bila mtu kukichagua.

Sasa reli. Wanasema taruma ni la reli. Ni kweli: ile miti inayolazwa chini ya reli kwa upande ili pau mbili zisiachane huitwa mataruma, na katika reli mpya ya kutoka Dar es Salaam watu husema mataruma ya zege bila kusita. Lakini reli ilianza kutandikwa pwani hii katika miaka ya 1890, na vyombo vilikuwapo. Wafanyakazi walipoona vipande vinavyopita upande kukaza vitu virefu, walivijua, wakavipa jina lake. Tangu lini neno likahesabiwa limechukuliwa kwa sababu limefanya kazi ya pili? Usukani ulikuwa wa chombo, leo dereva wa lori anashika usukani na hakuna jopo lililompa rubani wa jahazi neno jingine. Mlingoti umekuwa wa bendera. Nahodha, ambaye Waajemi walimwita hivyo kwa maana ya bwana wa chombo, leo anavaa kitambaa mkononi katika uwanja wa mpira, na watoto wa Tabora wasioona bahari maisha yao wanamjua. Na hao hao watoto wa Tabora, ambao mjumbe yule anawahurumia kwamba hawajui taruma, reli ya kati inapita mjini kwao! Mataruma wanayaruka wakienda shule. Hoja mbili zilizoletwa kuniangusha zinauana zenyewe kwa zenyewe: ikiwa taruma ni la reli, basi bara wanalijua, ikiwa bara hawalijui, basi si la reli.

Iko hoja moja ambayo hakuna aliyeitoa kikaoni, lakini ni yenye nguvu kuliko zote, nami siwezi kuipita. Kiswahili chenyewe kimewahi kuazima mwili kwa ajili ya chombo. Sehemu ya chini kabisa huitwa utako, na undugu wake na tako uko wazi. Je, hiyo hailipi jopo haki ya kuongeza mbavu na uti wa mgongo? Hailipi. Utako umeitwa hivyo kwa kuwa ndipo chombo kinapokalia, kama chungu na kikapu vinavyokalia matako yake. Ni jina la mahali na la mkao. Waliolitunga hawakuwa na mpango wa kukigeuza chombo kizima kiwe mnyama, na hawakuendelea kutafuta figo na maini. Orodha ya jopo imefanya mpango huo: uti wa mgongo, mbavu, ngozi. Maana mbao za nje nazo, tafadhali msomaji atazame ukurasa wa 9, zimeitwa “ngozi ya meli”. Mti wa omo unaokata maji una jina, hanamu, na mafundi seremala wamelipeleka mbali hata wakasema kukata ubao hanamu, kwa maana ya mshazari. Katika mswada umeitwa “pua”.

Nimetaja mafundi, na hapa sina budi kulirudisha neno jingine kwa wenyewe. Wajumbe waliokuwa tayari kuniridhia nusu walipendekeza “kiunzi” kwa maana ya mataruma yote kwa pamoja. Kiunzi ni neno zuri. Limetoka katika kuunda, na kuunda kwa asili ni kazi ya seremala, hasa wa vyombo: nyumba zilijengwa, vyombo viliundwa. Kutoka ufuoni kitenzi hicho kimepanda mpaka serikalini. Tunaunda baraza, tunaunda tume, tuna muundo wa utumishi na miundombinu. Lakini kwa kuwa kimepanda hivyo, kiunzi leo ni cha kila kitu, kuanzia paa hadi mifupa ya binadamu katika kitabu cha biolojia. Ukisema kiunzi cha jahazi, msomaji hajui kama umekusudia mataruma peke yake au mkuku, hanamu na mihimili ya sitaha pamoja nayo. Kwa mataruma yote yakiwa kitu kimoja nilipendekeza, na bado napendekeza, utaruma.

Nimeambiwa utaruma halina mfano. Mfano upo. Mwanamke akivaa ushanga kiunoni, hakuna anayeelewa punje moja. Tunaelewa uzi mzima, na punje zake zimepangwa. Utaruma vilevile ni mataruma yaliyopangwa, pamoja na nafasi kati yao na jinsi yanavyopungua upana kuelekea omo na tezi. Mtu anaweza kusema utaruma wa Victory ni mzito, utaruma wa mtepe ni mwepesi na unanyumbulika, na amesema jambo la kweli kwa maneno machache. Jopo limeweka “mfumo wa mbavu za meli”. Maneno 5, na bado hayajafika.

Orodha hiyohiyo imeligusa na tanga, na siwezi kunyamaza kwa kuwa kosa ni la mkono uleule. Kamba inayofungwa pembe ya chini ya nyuma ya tanga, ile ambayo baharia huivuta au kuilegeza kulipa tanga upepo, imepewa jina la “kamba-shuka”. Sababu ni kwamba Kiingereza huandika kamba hiyo sawa na shuka ya kitanda. Aliyefasiri hakuuliza kwa nini. Hata katika Kiingereza cha kale jina hilo lilitoka kwenye pembe ya tanga, na kitanda hakihusiki. Kwetu kamba hiyo ni demani. Neno limetoka Uajemi, ambako daman ni pindo la vazi, sehemu inayoning'inia na kupepea. Tazama lilivyokua lilipofika kwetu. Demani ni kamba. Demanini ni upande wa chombo ambako upepo hutokea, ukiwa mkabala na joshini unakoingilia. Na Demani ni msimu, miezi ya Kusi iliyotulia kabla Kaskazi haijaanza kuvuma, wakati vyombo vidogo vinapotoka bila hofu. Pindo la nguo limekuwa kamba, kamba imekuwa upande, na jina likaingia katika kalenda ya mkulima na mvuvi. Henza inayopandisha foromali haina bahati ya historia ndefu hivyo, lakini nayo ni moja, fupi, na inajulikana. Jopo limeandika “kamba ya kupandishia boriti ya tanga”. Ukiwa na chombo kinaelemewa na upepo, hiyo ni amri itakayomalizika kutamkwa wakati tanga limekwisha kupasuka.

Kwa matumizi, kwa ufupi: taruma ni moja, mataruma ni mengi, utaruma ni wote kwa pamoja. Lile pana kuliko yote, katikati ya chombo, liitwe taruma kuu. Katika meli kubwa za Ulaya, ambamo taruma moja huungwa kwa vipande kadhaa kwa kuwa hakuna mwaloni uliopinda kiasi hicho, tuseme kipande cha taruma, cha kwanza, cha pili na cha tatu kutoka mkukuni. Na pale ambapo taruma si la mti, tutaje kilicholiunda. Cutty Sark, iliyoundwa Dumbarton, Uskoti, mwaka 1869 na sasa iko Greenwich, ina mataruma ya chuma yaliyovishwa mbao. Mswada unasema ina “mbavu za chuma chini ya ngozi ya mti”.

Nimeurudisha mswada kwa mchapishaji juzi Jumatatu. Ngozi nimeifuta nikaandika mbao. Pua nimeifuta nikaandika hanamu. Palipoandikwa ubavu au mbavu nimeandika taruma au mataruma kwa wino mwekundu, mara 31, na kila mahali nimetia sahihi yangu pembeni, ili ikiwa neno litatolewa tena, ajulikane aliyelitoa na aliyeliweka.